Mwenyeji wa Usiku

Mtaimbo wetu ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu na mlango wa jikoni, ncha yake imekuwa nyeupe kwa vumbi la matumbawe. Ilikuwa baada ya Isha. Nilikuwa nimeshuka stejini Msabaha nikitoka Mombasa, bodaboda imenifikisha hadi chini ya mwembe, na begi la kompyuta lilikuwa bado begani nilipoumulika ule mtaimbo kwa tochi ya simu nikaelewa ulikotoka. Jirani yetu wa upande wa magharibi, mzee aliyekuwa akiumwa tangu Ramadhani, alifariki alfajiri na kuzikwa baada ya Adhuhuri. Udongo wa juu ulichimbika kwa jembe na beleshi, lakini wachimbaji walipofika usawa wa kiuno walikutana na jiwe, na mwanandani haukuchimbika mpaka kijana mmoja alipotumwa mbio kuja kwetu kuazima mtaimbo.

Habari za msiba nilikuwa nazo tangu asubuhi. Zilinifikia matatu ikiwa imekwama Mtwapa, na kabla hatujavuka daraja nilikuwa nimeshatuma mchango wangu kwa simu. Niliwaza kushuka pale pale nipande gari la kurudi. Nikatazama saa, nikakumbuka kwamba bandarini kulikuwa na kontena lililopangiwa ukaguzi wa forodha siku hiyo, na kwamba wakala aliyetakiwa kusimama mbele yake ni mimi. Nikaendelea na safari.

Usiku huo nilikwenda kutoa pole. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki nje ya nyumba ya marehemu, wengine kucha zao zingali na udongo. Niliwasalimia mmoja mmoja, nikapewa kikombe cha kahawa. Mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Babu alinishika mkono, akasema kwa upole kabisa:

"Mtaimbo wako umefanya kazi leo, mwanangu. Mwenye mtaimbo tutamwona Jumapili, inshallah."

Vijana walicheka kidogo, nami nikacheka nao. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea: "Pwani hii tumeshazoea. Mali ipo, mwenyewe hayupo."

Wiki kadhaa zimepita na maneno hayo bado hayajanitoka.

Barabara ndiyo rahisi kuizungumzia

Mtu akisikia kwamba ninalala upande wa Malindi na kufanya kazi Mombasa, swali lake la kwanza huwa ni la barabara, na jibu lake ninalo tayari kwa sababu nimelitoa mara nyingi. Kutoka Malindi mjini hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na sisi tuko kati ya Malindi na Gede, kwa hiyo safari yangu ni fupi kidogo kuliko hiyo. Ninatoka nyumbani mapema kabla ya alfajiri. Dereva akiwa Mwislamu mwenye huruma husimama Kilifi dakika chache tukaswali. Asiyekuwa na huruma hutuambia kwamba Mungu anajua foleni ya Mtwapa. Kuanzia hapo safari huacha kuwa ya kilomita ikawa ya subira, na sasa barabara inapopanuliwa kutoka Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi, subira hiyo imeongezewa vumbi na michepuko.

Hata hivyo siwezi kulalamika mbele ya wazee. Wao wanakumbuka Kilifi ya kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, wakati ambapo mtu aliyetoka Malindi asubuhi hakuthubutu kumwahidi mwenzake wa Mombasa saa ya kukutana. Ukiwaambia habari za foleni hukusikiliza kwa adabu tu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba barabara ndiyo bei ninayolipa. Nilipiga hesabu ya nauli, ya usingizi, ya mgongo, nikaiweka upande mmoja. Upande wa pili nikaweka hewa, nafasi ya watoto kukimbia, mihogo, kisima, na kodi ya nyumba ya mjini ambayo silipi tena. Hesabu hiyo ilikuwa ikitoka vizuri.

Aliyeiharibu ni mama mmoja muuza maembe. Yeye ni jirani yetu, na katika msimu wake hupeleka mzigo soko la Kongowea. Huondoka usiku wa manane juu ya lori, akauza kwa jumla kabla jua halijapanda, na mara nyingi Adhuhuri humkuta amesharudi kijijini. Tukihesabu kilomita, mimi na yeye tuko sawa. Siku ya mazishi alikuwa ametoka Kongowea asubuhi hiyo hiyo, na mchana alikuwa kwenye sufuria kubwa pamoja na wanawake wengine, akipika chakula cha waombolezaji. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yule kwamba hayupo.

Hapo nilianza kushuku kwamba kilomita hazihusiki.

Kijiji hufanya mambo yake mchana

Ukiniuliza ninakijuaje kijiji chetu, nitakuambia mambo mengi, na karibu yote ni ya usiku. Ninajua sauti za komba kwenye miembe na mbwa wa nani hubweka nikipita. Ninajua ni taa zipi huwashwa mwanzo na ni muadhini yupi huwahi kuliko mwenzake. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na ambao watu hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kuutazama, mimi naujua kama kiza cha mkono wa kulia wakati wa kwenda na kiza cha mkono wa kushoto wakati wa kurudi. Pale Gede kuna watu wanaofuga viwavi wa vipepeo wa msitu huo na kuwauza wakiwa pupa, yaani bado wamo ndani ya ganda kabla ya kuwa vipepeo, kupitia mradi ulioanza mwaka 1993. Nimeishi jirani nao muda mrefu, na bado sijawahi kumwona kipepeo wao hata mmoja akiwa hai.

Mambo ya kijiji hayafanyiki usiku. Baraza la chifu huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, na mkutano wa wazazi shuleni vivyo hivyo. Mkwezi huja jua likiwa juu, aangue nazi, azihesabu mbele ya mwenyewe, achukue ujira wake aende kwa mwingine. Mbuzi huingia katika shamba la mtu mchana, ugomvi huzuka mchana, na wapatanishi huitwa hapo hapo kabla maneno hayajapoa. Mvua za mwaka zikianza, mtu hutazama wingu asubuhi akaamua kwamba leo mahindi yanaingia ardhini, na uamuzi huo hausubiri Jumamosi. Kwetu mahindi ya mwaka huu yalipandwa na kibarua siku ambayo mimi nilikuwa nikisubiri saini kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Kilindini. Yameota vizuri, tena yamepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko ambavyo ningeweza kuipanda mimi. Ila anayejua ni upande gani wa shamba maji hutuama mvua ikizidi ni yule kibarua, na jirani akitaka kushauriana kuhusu mfereji wa mpakani, humtafuta yeye.

Tena mengi ya mambo haya hayana miadi. Anayeweza kuyapangia siku ni yule ambaye yuko tayari pale yanapotokea, amekaa kivulini hafanyi lolote la maana, ila akiitwa anasimama.

Kinachonishangaza ni kwamba kanuni hii ninaijua vizuri sana kazini. Siku hizi hati za forodha hupita kwenye kompyuta, na kazi yangu nyingi ningeweza kuifanya nikiwa nimekaa chini ya mwembe, mtandao ukitaka. Kontena likipangiwa ukaguzi, hata hivyo, wakala hutakiwa kuwepo likifunguliwa. Huwezi kumtumia ofisa wa forodha ujumbe kwamba uko pamoja naye kwa moyo. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi bila kuona ajabu yoyote ndani yake, kisha nikashangaa kijiji kilipotaka jambo lile lile.

Mchango uliowahi

Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mtu aliyekuwa Mombasa na akapatwa na msiba nyumbani alikuwa na njia chache. Aliweza kuzifunga pesa kwenye bahasha akampa dereva wa basi, au akamtafuta mtu wa kwao anayesafiri. Mara nyingi alizipeleka mwenyewe, kwa kuwa kumpa mtu mwingine kulimtia wasiwasi. Pesa zilihitaji miguu, na miguu ile ilifika na mtu wake: akaketi, akala, akasikia marehemu aliumwa nini na ameacha deni gani.

Sasa mchango wangu hufika kabla maiti haijaoshwa.

Sisemi kwamba hilo ni baya, kwani sanda hununuliwa kwa pesa na mchele pia, na nimeona misiba ambayo bila simu za watu wa mjini ingekuwa na aibu. Mweka hazina wa msiba ule aliposoma majina, langu lilikuwa la kwanza, na kiasi changu kilikuwa kikubwa kuliko cha wengi waliochimba. Nilipokuwa nikimsikiliza nilimtazama kijana aliyekaa karibu naye, viganja vyake vimechubuka kwa mtaimbo. Jina lake lilisomwa kuelekea mwisho, na shilingi zake hazikutosha kununua kilo mbili za mchele. Hakuna aliyecheka. Baada ya orodha kusomwa watu walirudi kwenye mazungumzo yao, na mazungumzo hayo yalikuwa juu ya lile jiwe: lilivyokuwa gumu, nani aliyelipata wa kwanza, nani aliyependekeza wasogeze kaburi na nani aliyekataa. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kusimulia. Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa.

Ninaamini kwamba Babu hakukusudia kunisuta. Alikuwa akieleza tu jinsi mambo yalivyogawanyika siku hiyo.

Shamba na mwenyewe

Kama angesema maneno yale mtu wa bara, yasingeniuma. Lakini kwa mzee wa Kigiriama aliyezaliwa katika ukanda huu, habari ya mwenye mali asiyeonekana ina uzito ambao msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa sana. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ule ukanda wa pwani wa maili 10, uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, wajitokeze wayaandikishe. Waliokuwa na karatasi, au waliojua njia ya kuzipata, walitoka na hatimiliki; ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, yaani Wagiriama na jamii ndugu zao za Pwani, ambao haki yao ya kulima haikuwa ya karatasi wala ya mtu mmoja peke yake, walijikuta wageni kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Miaka 6 baadaye, mwaka 1914, Wagiriama walipambana na Waingereza, na habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha wakatae utawala huo, kila mtoto wa huku anazo. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, makubaliano kati ya Kenya na Zanzibar yaliahidi kwamba hatimiliki zile zitaendelea kuheshimiwa. Hivyo zikabaki.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Kuna familia zilizozika mababu watatu mahali ambapo kisheria ni maskwota, na mwenye shamba wanamjua kwa jina tu, au kwa wakala wake, au kwa barua inayokuja siku shamba linapouzwa.

Mimi nilinunua. Nilifuata taratibu zote, nikapima, nikaona bikoni, nikalipa, nikapata hatimiliki, na aliyeniuzia alikuwa na haki ya kuuza. Ila yeye aliishi Mombasa, na majirani husema hawakumbuki akilala pale hata usiku mmoja. Ndani ya mipaka yetu kuna minazi iliyopandwa na baba yake yule jirani tuliyemzika, au niseme waliyemzika. Kwa desturi ya Pwani mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja, na tulipohamia tulikubaliana na mzee kwamba ataendelea kuangua nazi za minazi ile maadamu yu hai. Hatukuandikiana lolote.

Jumatano moja baada ya arubaini, wanawe walikuja kuuliza mambo ya minazi yatakuwaje. Walimkuta mke wangu. Akawaambia wasubiri nirudi. Wakasubiri hadi Maghrib, wakaaga. Jumapili yake nilikwenda kwao, wawili kati yao wakawa wamesharudi Kilifi kazini. Jambo ambalo lingemalizika kwa maneno machache chini ya mnazi wenyewe likawa suala la kupigiana simu, na kwenye simu kila mtu huwa mwangalifu kupita kiasi. Mmoja alianza kuuliza kama kuna karatasi.

Nilipomsikia akiuliza hivyo, maneno ya Babu yalinirudia kwa maana nyingine. Mimi ninalala hapa. Watoto wangu wanasoma hapa. Sina wakala, sikusanyi kodi kwa mtu, simfukuzi yeyote. Hata hivyo kwa mtu anayenitafuta mchana wa Jumatano, mimi na yule aliyeniuzia hatuna tofauti anayoweza kuiona.

Kwa Mama

Nilijitetea, na ni haki nieleze utetezi wenyewe kwa sababu bado siuoni kuwa wa kipuuzi. Kutokuwepo si jambo jipya Pwani. Mabaharia wa miji yetu waliondoka na upepo mmoja wakarudi na mwingine, na hakuna aliyesema kwamba wao si wenyeji. Wanaume wa vijiji vya Giriama wamekwenda kufanya kazi Mombasa tangu enzi za babu zao. Mwenyeji ni mwenyeji hata akiwa baharini.

Nilimsomea mke wangu hoja hiyo usiku mmoja, nikiwa nimeridhika nayo.

Akaniuliza mabaharia hao walimwacha nani nyumbani.

Kwa kweli jibu lake linajulikana na kila mwendesha bodaboda wa Msabaha. Ukitaka kufika kwetu, usitaje jina langu, hawatakuelewa. Sema unakwenda kwa Mama, utaje na jina la mtoto wetu wa kwanza, utafikishwa mlangoni. Mtaimbo ulitolewa na yeye. Mchana wa msiba alikuwa jikoni kwa wafiwa. Wana wa marehemu walipokuja kuuliza habari za minazi, yeye ndiye aliyewakaribisha, akawapa maji, akakaa nao jioni nzima bila kuwa na ruhusa ya kuwajibu. Kikao kikihusu mpaka au maji, huulizwa mwenye nyumba yuko wapi. Yeye husimama kwa nafsi yake na kwa niaba yangu, halafu kauli yake huandikwa kwa kalamu ya risasi, kusubiri yangu.

"Wewe unachoka njiani," aliniambia. "Mimi nachoka hapa kwa niaba yako."

Hesabu yangu ya nauli na mihogo haikuwa na mstari wa jambo hilo.

(Mjini nako mambo ni yale yale, ila hayaniumizi sana. Wenzangu wakitoka kazini huenda kunywa kahawa, na mengi ya kazi huamuliwa hapo. Mimi wakati huo ninakimbilia gari. Huniita mtu wa shamba. Nikirudi shamba huitwa mtu wa Mombasa.)

Vibarua wa Kilindini

Kilichonisaidia kufikiri upya kilitoka kwenye historia ya kazi yangu mwenyewe. Kwa miongo mingi ya utawala wa Waingereza, upakiaji na upakuaji wa meli Mombasa ulitegemea vibarua wa siku. Mtu alijitokeza asubuhi, akachukuliwa, akafanya kazi, akalipwa. Wengi walikuwa watu wa Pwani, wakiwemo Wamijikenda wenye mashamba yao, na walikuja bandarini walipohitaji fedha za kodi au za mahari, wakarudi walipohitajika nyumbani. Mvua ikinyesha, walikwenda kulima. Waajiri na maofisa walilalamika kwamba watu hawa hawafanyi kazi siku za kutosha. Baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, na hasa katika miaka ya 1950, mfumo huo ulibanwa hatua kwa hatua, ukapunguziwa watu, na nafasi yake ikachukuliwa na wafanyakazi wa kudumu wanaofika kila siku.

Sitaki kuipamba hali ya vibarua wale. Ujira ulikuwa mdogo, mtu akivunjika mguu alikuwa amevunjika peke yake, na ajira ya kudumu ilileta mambo ambayo mimi leo nayafaidi: mshahara wa mwisho wa mwezi, likizo, bima. Ninachokitazama ni kitu kimoja tu. Yule kibarua aliweza kuchagua siku ambayo kijiji kitamkuta nyumbani. Mimi, mwenye kompyuta, simu na kazi ambayo nusu yake haina mahali, nilikuwa nimeshapewa siku zangu na mtu mwingine, na haikunipitikia kamwe kuziulizia.

Nikaziulizia.

Jumanne

Mkuu wangu wa kazi ni mtu muungwana, na aliposikia kwamba naomba kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki alidhani anajua ninachotaka. Alinipa Ijumaa na Jumatatu, ili niunganishe na mwisho wa juma. Mtu yeyote angefurahi. Nikamwambia ninaomba Jumanne na Jumatano.

Alinitazama muda. Nikamweleza kwamba Jumamosi na Jumapili kijiji changu kina watu wengi kama mimi, na wote tunapumzika. Mambo huamuliwa katikati ya wiki. Sina hakika kama alinielewa, ila alikubali kwa majaribio, kwa sharti kwamba ukaguzi wa kontena upangwe siku zilizobaki na kwamba simu yangu isizimwe. Kwa hiyo Alhamisi sasa ninalala kwa dada yangu Kisauni ili nisiifanye safari mara mbili kabla ya Ijumaa. Dada anasema hana neno. Shemeji hajasema lolote, na hilo linanitia wasiwasi kidogo.

Jumanne ya kwanza nilipotokea kwenye baraza la chifu nikiwa nimevaa kikoi, jirani mmoja alinivuta kando akaniuliza kwa huruma ya kweli: "Kumetokea nini, ndugu? Umeachishwa kazi?"

Baraza lenyewe lilinichosha. Tulijadili ng'ombe walioingia kwenye kunde za mtu, tukarudia kuwajadili, kisha tukaja kwenye kioski cha maji. Maji yetu hutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na mitambo hiyo hiyo hupeleka maji Mombasa. Kwa hiyo siku mabomba yanapokuwa makavu kwetu, kila mtu ana maoni kuhusu maji yaliyopita na waliko watu wanaoyaoga. Muda ulipita. Simu yangu ilitetemeka mfukoni mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nilikuwa natazamia kujisikia nimerudi nyumbani, na kwa sehemu kubwa nilijisikia kama mtu anayechelewa kazini.

Mwisho wa kikao kamati ya maji iliniomba niwaandikie barua, kwa kuwa najua mambo ya hati. Niliiandika, tena kwa furaha. Ila njiani kurudi nilijiuliza kama si ule mchango wa simu umekuja kwa sura nyingine, yaani kutoa kile nilicho nacho cha mjini ili nisitakiwe kutoa kile walicho nacho wao. Nilimwambia Babu wasiwasi huo tulipokutana njiani. Akasema barua ni nzuri na niendelee kuandika, lakini barua haisimami kwenye foleni ya mitungi.

Kuhusu minazi tumemalizana. Jumatano moja mkwezi alikuja, wana wa marehemu wakaja, mke wangu akaketi nasi na akasema kauli yake pale pale, na tukakubaliana kwamba wataendelea kuangua kama baba yao, ila ile michanga tuliyoipanda sisi ni yetu. Mmoja wao alitaka tuandike. Tukaandika.

Siku hizi vipande vya ardhi karibu na barabara kuu vinauzwa kwa kasi, na madalali hutaja upanuzi wa barabara kabla hata hujauliza bei. Wanunuzi wengi watakuwa watu wa kazi yangu na hali yangu, watakaofika usiku na kutuma michango mapema. Sijui kijiji kitawafanyia nini. Mimi kimenipa zamu: kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi ninafungua kioski cha maji, ninapokea pesa za mitungi ya lita 20, ninaziandika kwenye daftari, hadi mwenzangu afike kunipokea. Kazini nimewaambia kwamba Jumanne simu yangu itapokelewa kuanzia saa tatu.